Jina Lako Mdomoni mwa Mama Mkwe

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea, nikijua kwamba safari hii sitaisikia marahaba yako. Nimejifungua. Ni mvulana, ana masikio yaliyosimama kama yako, na mpaka sasa hana jina. Majirani wa hapa Area D wananiita Mama Nanii. Nakuandikia kwa sababu jina wanalotaka kumpa ni lako, na aliyelileta ni mama mkwe wangu. Najua unavyokunja uso huko. Na mimi niliukunja hivyohivyo.

Kwanza nikupe habari. Karakana yako ya Kizota imefungwa. Pale ulipokuwa unachomelea mageti, mtu anauza mabati na misumari. Kiwanja chako cha Mkonze kipo, nimekizungushia minyaa. Kila upande wameshajenga, na madalali wananisalimia kwa jina ambalo sijawahi kuwatajia. Ile treni ya umeme uliyokataa kuipanda kwa madai kwamba injini isiyotoa moshi inaficha kitu, bado inakwenda na kurudi. Hakuna ilichoficha, hadi sasa.

Sasa jina. Yohana alitaka mtoto wetu aitwe Jayden. Mimi nilikuwa na langu moyoni tangu tulipokuzika, ila sikuthubutu kulisema. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa kwao, jina hutoka upande wa baba, na wafu wao wanaosubiri kukumbukwa ni wengi. Isitoshe, Chedego ni jina la zamani ambalo maishani mwangu nimelisikia kwako tu. Na hata ningepata ujasiri, kulikuwa na suala la ng'ombe.

Hujalisahau. Siku ya mahari, wazee wa pande zote mbili wameshakaa, chai imeshaletwa, wewe ukavua koti ukaingia zizini na kuwafungua ng'ombe midomo, mmoja mmoja, ukitazama meno. Hakuna aliyewahi kuona baba wa binti akifanya hivyo mbele ya wakwe. Ulipofika kwa yule mwekundu ukasema, bila hata kuinua sauti, "Huyu ni bibi. Mrudisheni akapumzike." Watu walicheka. Mama mkwe hakucheka, kwa sababu yule mwekundu alikuwa ametoka zizini kwake. Tangu siku hiyo hakukutaja kwa jina. Alikuita mkwe wa meno. Kwenye msiba wako alikaa nyuma kabisa, akala, akaondoka.

Nilipojifungua alikuja kunisaidia, kama ilivyo desturi, akarudi kwake Mkonze. Mtoto akaanza kulia mno. Zahanati walisema ni gesi. Mama mkwe akasema anadai jina, na Jumapili moja alasiri akaja na baba mkubwa wa Yohana, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo wao. Utaratibu unaujua: mtoto anapakatwa akiwa analia, majina ya waliotangulia yanatajwa moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake.

Mama mkwe akampakata, khanga imemfunika kuanzia kifuani hadi miguuni. Akataja Mazoya. Mtoto akalia. Akataja Ndahani, ambaye ni baba yake Yohana, mume wake mwenyewe. Mtoto akalia zaidi. Akataja Masima, na wengine nisiowajua. Kisha, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya nyanya sokoni, akasema, "Chedego."

Mtoto akanyamaza.

Baba mkubwa akageuza kichwa. "Chedego wa wapi?"

"Mkwe," mama mkwe akamjibu. "Yule wa meno."

Mzee akamtazama mtoto, mtoto naye akamtazama. "Haya," akasema mwishowe, na ilionekana hakupenda. "Kama mwenyewe kakubali."

Baba, ilinipasa nilie kwa furaha. Badala yake nilikuwa naitazama khanga. Muda wote mkono wa kulia wa mama mkwe ulikuwa chini yake, upande wa miguu ya mtoto, na alipotaja jina lako niliuona ukitoka.

Walipoondoka nikampeleka mtoto dirishani nikakagua nyayo zake. Hazikuwa na alama. Hilo nalo likanitia shaka, maana mtu mzoefu haachi alama. Kesho yake nikafanya jaribio, kwa kuwa wewe ndiye uliyenisomesha mpaka chuo kikuu. Alipolia nikamwambia Chedego. Akaendelea kulia. Nikamwambia karanga. Akanyamaza.

Nikampigia simu shangazi, dada yako. Hakuningoja nimalize. "Wanataka kiwanja," alisema. "Mtoto akiitwa Chedego, watasema Chedego karudi, apewe mali yake. Na mali ya mtoto mdogo inashikwa na nani kama si baba zake? Amka, mwanangu."

Basi nikawa macho. Nilianza kuhesabu kila neno la mama mkwe. Akinitumia unga wa uwele, najiuliza anataka nini. Asiponitumia, najiuliza ameshapata nini. Yohana alichoka nami. "Ulitaka jina la baba yako," aliniambia. "Umepewa, tena la kizee, litakalomfanya mtoto aonekane babu akiwa bado chekechea, na mimi nimekubali. Sasa unalilia nini?" Nikamwambia nataka kujua kwa nini nimepewa. Akasema mimi ni wewe mtupu, na hakusema kwa kunisifu.

Nikafikia hatua ya kulikataa. Wazia hilo, Baba. Jina nililolitaka kuliko kitu chochote nilikuwa tayari kulitupa, kwa sababu tu ya mkono ulionipa. Lakini nilitaka kwanza nimsikie mama mkwe mwenyewe, kwa hiyo nikambeba mtoto mgongoni nikaenda Mkonze.

Nilimkuta anaanika mlenda juu ya gunia. Nilimwamkia, nikakataa kukaa, nikamuuliza alimfanya nini mtoto miguuni.

"Nilimbana kidole," akasema, bila hata kuacha kutandaza majani. "Kidogo. Na uliniona, nikajua umeniona. Nikashangaa umenyamaza."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwani si ulikuwa unamwita hivyo? Nilipokuwa kwenu, wewe chumbani unamnyonyesha, mlango wazi, mimi nachambua mchele. Unanong'ona: Chedego nyonya, Chedego lala. Nikasema huyu mtoto ana jina tayari, ila mama yake mwoga. Ungelisema wewe, shemeji yangu yule mzee angekataa. Ningelisema mimi, angekataa vilevile. Akisema mtoto, nani atabishana naye?"

Sikujua kama nilikuwa nanong'ona kwa sauti ya kusikika. Niliona aibu. Lakini sikuwa nimemaliza. Nikamwambia, Mama, wewe baba yangu hukumpenda.

"Na nani kakwambia nilimpenda?" Akainuka, akakung'uta mikono. "Alinidhalilisha mbele za watu. Nilitoka pale na hasira mpaka nafika nyumbani." Akajifunga khanga vizuri. "Mimi siku ya mahari yangu nilikuwa nachungulia mlangoni. Baba yangu hakuinuka hata kwenye kigoda. Aliuliza kama ng'ombe wamefika wote, akaambiwa wamefika, akaendelea na pombe yake. Ungemwambia atazame meno angekuona mwendawazimu."

Alimchukua mtoto mgongoni kwangu, akamnusa kichwani, akamrudisha.

Ningependa kuishia hapo, lakini wewe ungejua nimekatiza. Alinisindikiza mpaka barabarani, na wakati tunaagana akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na kile kiwanja cha mkwe, mwaka huu umepanda nini?"

Nikamwambia karanga. Akasema karanga ni nzuri, ardhi ile inazipenda.

Swali hilo nimeligeuza kila upande. Huenda ni maneno tu ya mwanamke aliyelima maisha yake yote; hapa kwetu mvua ikigusa tu, kila mtu anamuuliza mwenzake kapanda nini. Huenda shangazi ameona mbali. Naweza kuamini alichosema kuhusu kigoda cha baba yake, na nisiamini alichouliza barabarani, ingawa vyote vimetoka kwa mtu yuleyule ndani ya saa ileile. Nisingependa kuwa na akili ya namna hii, Baba, lakini ndiyo uliyoniachia. Ila nikingoja mpaka nipate mtu nisiyemshuku hata chembe, mwanangu ataanza shule hana jina.

Kwa hiyo nimeamua. Kiwanja kitabaki changu. Nimemwambia Yohana asubuhi hii akiwa anakunywa chai, akakubali haraka mno; hilo nitalifikiria baadaye. Jina anachukua mtoto. Jumapili anabatizwa, na mchungaji akiuliza, nitajibu mimi, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Watoto hugombezwa. Huyu atamwaga uji, ataacha viatu njiani, na mimi nitalitaja jina lako kwa hasira ambayo ulipokuwa hai nisingethubutu kukuonyesha. Wenzangu wananishauri nimwite Baba, kama wanavyofanya wengi waliowapa watoto wao majina ya wazazi wao. Sitaki. Baba ni wewe, na nafasi hiyo sijampa mtu. Nakuahidi nitamwita Chedego, jina zima, kila siku, mpaka mtaa mzima ulizoee. Na ukisikia nimefoka, usiitike. Ni yeye ninayemwita.

Lala, Baba.

Binti yako,
Tabitha