Gia Moja Isiyo na Kutu

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la wengi ni kumwaga mafuta juu ya kutu. Mafuta hufunika tu, kutu huendelea kula chini yake. Kwanza siki na brashi, kisha maji, kisha kukausha. Mafuta mwisho. Leo nimetoa gurudumu la nyuma la baiskeli nianze. Ajabu. Gia zote zina kutu ila moja, ile kubwa ya kupandia mlima. Inang'aa. Cheni hung'arisha gia inayotumika, basi. Na mimi sijapanda baiskeli tangu goti liharibike.

Mtu anaipanda.

Jumanne, 4 Machi
Namshuku Wafula, mpangaji wa chumba cha nyuma. Mlango wake unatazamana na stoo, na stoo haina kufuli. Nimemuuliza. Akacheka. "Mzee, mimi ni mtu wa blakmamba, baiskeli isiyo na gia. Hizo gia zako zitanitupa mtaroni!" Jibu la haraka mno.

Alhamisi, 6 Machi
Gia zote safi, zimekauka juani. Nimerudisha gurudumu. Nimepaka gia na cheni grisi nyeusi, nyingi kupita kiasi. Makusudi. Atakayeipanda atachafuka.

Mke wangu ananihimiza niende nikanunue gazeti, nikae huko ninywe na chai. Siku hizi ni kila asubuhi. Zamani alinuna nikichelewa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi na gazeti, nimekuta tope jekundu kwenye matairi. Mikono ya Wafula ni safi. Ameiosha, bila shaka. Nimeandika notisi: ahame mwisho wa mwezi. Mke wangu ameisoma, akakataa kula. Anamtetea mwizi. Nimekasirika sana.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani mke wangu alipiga magoti mbele yangu. Mguu wa kulia, juu ya kifundo: alama nyeusi za cheni, zimefifia kwa kusuguliwa.

Nyumbani nikamuuliza. Anajifunza baiskeli katika uwanja wa shule, Wafula akimshikia kiti nyuma. Anataka kwenda soko la Dagoretti mwenyewe, maana mimi siwezi tena. Mbona hakuniomba nimfunze?

"Wewe, Baba Njeri? Ungenieleza cheni mpaka nizeeke mara ya pili."

Nimeona haya. Notisi nimeichana kabla Wafula hajaiona.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi tulivu. Amekwisha kunitajia gazeti. Kiti bado kiko kwenye kimo changu, miguu yake haifiki chini.

Kabla ya kutoka leo: shusha kiti.