Ungo wa Mama Bado Umetundikwa

Dada Naomi,

Shikamoo. Pokea hiyo kwanza, kabla hujaamua kama barua hii utaisoma hadi mwisho au utaiwashia jiko. Vipi mgongo? Vipi magoti na kile kilima cha kwenda shambani? Na Mama ameamkaje, anakufahamu au amekuita tena kwa jina la shangazi? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani wenyewe wanailalamikia sana, lakini mtu aliyelelewa Magamba, akachota maji alfajiri ya mwezi wa saba, haimtishi.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na anayeanza huwa ni mimi. Barua anakuletea binti wa mwinjilisti wetu wa hapo nyumbani, aliyeko huku na anayekuja likizo. Simu zangu za mwisho hukupokea, na sikulaumu.

Nianzie kwenye ile picha. Ulinitumia ukiwa na furaha, ukanieleza kwamba Mama Mwanaidi, yule jirani yetu nesi mstaafu, amefungua kibaraza chake kila Jumanne na Alhamisi kwa wazee wasioweza kuachwa peke yao. Wanaletwa asubuhi, wanakunywa uji, wananyoosha viungo, wanapiga soga kwa Kishambaa chao, na jioni wanarudi kwao. Kwenye picha Mama alikuwa katikati yao, ungo mapajani, anachambua maharage. Wewe uliona Mama ametulia. Mimi niliona Mama anafanyishwa kazi nyumbani kwa watu, ilhali ana watoto watatu walio hai. Sisi tulifundishwa mzee akishika jembe unampokea, akiinua ndoo unaikimbilia. Nikakupigia nikasema maneno mengi. Ukaniuliza, "Kwa hiyo nikienda kwenye karoti nimfungie ndani na kufuli?" Nami nikakujibu, "Kwani wewe una kazi gani nyingine?"

Neno hilo nimelijutia miezi yote hii, Dada. Na sikuishia hapo. Nilimpigia Kaka Samweli dukani kwake Mombo huku nalia, akapanda mlimani kesho yake, akapiga marufuku, na kufuli akaja nalo mwenyewe, amelitoa kwenye rafu ya duka lake. Sijathubutu kukuuliza kama umeshalitumia.

Sasa niungame. Nyumbani nyote mnajua kwamba nafanya kazi hospitali. Si kweli. Nafanya kazi kwenye nyumba inayopokea wazee wakati wa mchana, wakaangaliwa, wakarudishwa kwao jioni, yaani sawasawa na kibaraza cha Mama Mwanaidi, ila hiki cha huku kina lifti. Niliona aibu kuwaambia, maana nilijua mtasema Wazungu wanawatupa wazazi wao na mimi ndiye ninayewaokota. Basi kila asubuhi nampokea mama wa mwenzangu mlangoni kwa bashasha, na jioni nakukataza wewe kumpeleka wa kwetu.

Kuna bibi mmoja hapa, nitamwita Bi Hana. Maisha yake yote alilima viazi. Siku hizi hata jina la binti yake linampotea. Kabla ya chakula cha mchana, wazee wanaopenda hukaa mezani kumenya viazi vya siku hiyo. Mimi nilipokuwa mgeni, kumwona mwanamke wa umri wa bibi yetu ameinamia beseni nilishindwa kuvumilia. Nikampokea kisu. Kesho yake tena, na keshokutwa. Nikamtafutia kiti chenye mto, nikamkalisha dirishani, nikajiona nina adabu kuliko Ujerumani nzima. Baada ya muda Bi Hana akaacha kula. Kisha akawa hataki kushuka garini. Binti yake akaniuliza mama yake amekosewa nini hapa kwetu. Aliyenijibia ni msimamizi wangu, mama mpole asiyezungusha maneno. Aliniita pembeni akasema, "Penina, umemheshimu mpaka hana cha kufanya."

Nilinuna, unanijua. Lakini siku iliyofuata nilikichukua kile kisu, nikampelekea kwa mikono miwili, na goti nikalipiga kidogo kama tunavyompa mtu mzima kitu. Alinitazama, akakipokea. Kiazi chake cha kwanza, nusu ilikwenda na maganda, ila siku hiyo alikula sahani nzima. Sasa akiniona ananivutia kiti nikae naye, halafu ananigombeza kwamba mimi ndiye ninayemenya maganda mazito. Acha anigombeze.

Aliyenimaliza kabisa ni huyo binti yake. Asubuhi moja nilitoka kutupa takataka nikamkuta bado yuko nje ndani ya gari lake, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Nikadhani anaumwa, nikagonga. Akashtuka, akaona haya, akaniambia kwamba akishamkabidhi mama yake kwetu ndipo anapopata usingizi kidogo kabla ya kwenda kazini. Nikakukumbuka wewe siku ile ulipomkuta Mama njia ya kushukia Lushoto mjini, jembe begani, anakwenda kulima shamba tuliloliacha tangu Baba yu hai. Ulikuwa umemtafuta tangu asubuhi bila kutia kitu mdomoni. Mimi nilikuuliza Mama yukoje, miguu yake ikoje, amekula nini. Wewe sikukuuliza hata moja. Niliingia stoo ya viazi nikalia mpaka wakaja kunitafuta.

Nimempigia Mama Mwanaidi kumwomba radhi. Nilijiandaa kusemwa, yeye akacheka. Ameniambia ungo wa Mama hajampa mtu mwingine, bado umetundikwa kwenye msumari wake, na kwamba Mzee Shechambo, yule fundi viatu wa zamani, kila Jumanne anauliza amekwenda wapi yule mama aliyekuwa akimrudishia maharage yake ayachambue upya. Nilipolisikia hilo nilifurahi, Dada. Huyo ndiye Mama tunayemjua.

Na Kaka Samweli nimempigia. Alinikatia simu mara mbili. Mara ya tatu nikamweleza habari za Bi Hana, akasema alilipandisha lile kufuli kwa sababu ya kilio changu. Ni kweli. Amesema hana neno tena, useme wewe. Kwa hiyo hakuna anayemzuia Mama. Imebaki wewe kutusamehe au kutunyima, na ukitunyima haki unayo.

Nakushukuru kwa kumwogesha na kumvisha kitenge chake hata siku asizotoka. Nakushukuru kwa kuitika unapoitwa shangazi, na kwa kujibu swali moja asubuhi nzima bila kumkaripia. Nakushukuru zaidi kwa kumtafutia Mama mahali pa kukaa na wenzake kabla sisi wawili hatujaona kwamba anapahitaji, nawe unapahitaji. Nimezoea kushukuru kwa lugha ya wenyeji wa huku, lakini hii naisema kwa ya kwetu: hongea, Dada. Hongea sana.

Mwamkie Mama kwa niaba yangu, hata akiuliza Penina ndiye nani. Msalimie wifi yetu wa Mombo, mwinjilisti na mkewe, na Mama Mwanaidi umpe mkono kwa mikono yako miwili. Mzee Shechambo mwambie ajiandae kukosolewa.

Nakuomba jambo moja tu. Jumanne ukishamfikisha Mama, usipitilize kwenye karoti, zitangoja Alhamisi. Rudi nyumbani ulale. Na lile kufuli mrudishie Kaka, akalitundike dukani kwake.

Ni mimi mdogo wako, mmenya viazi,
Penina