Kipepeo Yangu

Jumanne, 3 Septemba
Asubuhi kama kawaida. Nimetandaza hariri kwenye fremu na kuchora mistari ya gundi ili rangi zisiingiliane. Vipepeo wawili, wa mgeni wa hotelini. Mchana akaja Mama Aline anayeuza nyanya Goma, na salamu za dada Konsolata. Homa bado haijamwachia. Kasema hivi: "Ambia mudogo yangu aniletee kipepeo yangu." Nimefurahi kama mtoto. Miaka yote ananitania eti nawapakia wazungu rangi kwenye vitambaa. Leo naye anataka wake!

Ijumaa, 6 Septemba
Gishwati. Kipepeo wa dada hawezi kuwa wa kukariri. Nimetembea msituni na mwongozaji hadi miguu ikagoma. Kwenye tope la kijito, mmoja mweusi, utepe wa kijani mbawani. Nimemchora. Mvua. Nalala huku.

Jumatatu, 9 Septemba
Kijani kimevuka mstari wa gundi. Nimetupa, nimeanza upya. Mama Aline kapita, anasema dada anauliza. Nikamwambia asubiri, kazi nzuri haitaki haraka. Nilijiona fundi kweli.

Jumatano, 11 Septemba
Leo kuitia hariri mvuke ili rangi ishike. Makaa yana unyevu, moto mgumu. Nimepepea kwa lile pepeo la ukindu alilosahau dada kwangu Krismasi, mpaka mkono ukafa ganzi. Rangi imeshika. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimevuka mpaka wa Grande Barrière mapema, hadi Goma. Dada amekonda. Shuka limelowa jasho, bati linachoma. Nikaikunjua hariri. Akaitazama, kisha akatazama mkoba wangu.

"Na kipepeo yangu iko wapi? Ile ya kujipigia upepo. Joto inaniua, mudogo."

Lo! Kumbe pepeo. Angesema "changu" ningeelewa ni kitu, si mdudu. Lakini Goma kila kitu ni "yangu", na mimi niliyekulia Bukoba kwa shangazi nikasikia nilichotaka kusikia. Nilipomweleza alicheka hadi akakohoa. Nikampepea kwa hariri. Haitoi upepo. "Iko muzuri lakini," akasema, macho amefumba. Nimeahidi kurudi kesho na pepeo.

Ijumaa, 13 Septemba
Nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, pepeo mkononi, simu ikalia. Dada amefariki alfajiri.

Najichukia. Siku zote hizo lilikuwa jikoni kwangu, kwenye msumari. Mimi niko msituni natafuta mdudu.

Jumapili, 22 Septemba
Wiki moja tangu tumzike. Walimfunga ile hariri kichwani. Watu waliisifu sana, nikatamani kutoka nje.

Mama Aline kaniletea nyanya. Fremu iko tupu, sijaigusa. Jioni nimewasha jiko nichemshe chai. Moto ulikataa. Pepeo liko pale kwenye msumari. Nimepuliza kwa mdomo mpaka ukawaka.