Mwalimu Juu ya Mpira wa Maji

Jumamosi

Leo nilithubutu kusema.

Kibanda cha Mama Amina kilikuwa kinaungua hapa Majengo, na mpira wa wazima moto unatoa matone tu. Mwalimu wetu wa nidhamu, ambaye si mwembamba, alikuwa amesimama juu ya mpira huo akifukuza watu: "Rudini nyuma! Kwani hamjui kuna sheria ya mahali pa moto?"

Mimi naijua. Imebandikwa sokoni, nimeisoma mara mbili.

"Mwalimu, samahani," nikanong'ona, "umekanyaga mpira. Sheria inakataza."

Alipotoka, maji yakaruka. Nusu ya kibanda ikapona. Mama Amina akanikumbatia. Mwalimu akasema, "Jumatatu uje ofisini na hiyo sheria."

Nimeinakili kwa mwandiko mzuri. Kifungu cha kukanyaga mpira nimekiweka mwisho, asidhani namlenga.