Sala Niliyomwombea Refa

Jumatatu, 4 Machi
Kitanda cha dirishani kimepata mtu. Refa mstaafu wa mpira, saratani ya ini. Wodi nzima inamwita Refa, hata daktari. Mkewe alinivuta pembeni kabla sijamsalimia mgonjwa. Wameambiwa hana siku nyingi, lakini mwenyewe hajui, na asijue. "Mama mchungaji, muombee apone. Basi." Nikakubali. Siku hizi nakubali kila kitu. Moyo umekufa ganzi, mdomo unafanya kazi peke yake.

Jumanne, 5 Machi
Nimeboronga! Babu wa kitanda cha jirani alikuwa anakata roho, nikamsindikiza kwa sala. Nikageukia kwa Refa, nikamshika mkono, nikafumba macho — nikaendelea na ile ile. Mpokee mtumishi wako kwa amani, umpumzishe. Kimya cha mkewe ndicho kilichonishtua. Nikarukia uponyaji harakaharaka, lakini maji yalishamwagika.

Refa akatabasamu. Akasema nimepuliza kipenga mapema. Mkewe akacheka, kwa nguvu mno.

Koridoni akanipasha. Eti nina roho ya jiwe. Nilitaka kuona haya, sikuona kitu. Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 6 Machi
Sikwenda. Nimesema nina mafua. Sina.

Alhamisi, 7 Machi
Refa kaniita, mkewe alipokwenda nyumbani kuoga. Nilijua nitasemwa tena. Wala! Anasema alijua zamani — mwili ni wake, atakosaje kujua? Ananyamaza kwa ajili ya mkewe. Kila akisema atapona, yule mama anakula, analala.

Macho yake yamekuwa ya manjano kabisa. Sauti imeshuka, ilibidi niiname.

"Nataka kumuaga. Nisiondoke kimyakimya kama mwizi. Lakini nikimtazama tu, ulimi unakwama. Nianzishie wewe, mwambie najua."

Nikaahidi. Kama kawaida yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika kwenye benchi nje ya wodi, ili mikono ipate kazi. Refa amebadilika tangu alfajiri. Anavuta pumzi, anakaa, anavuta nyingine. Muuguzi amesema kama kuna la kusema, lisemwe sasa.

Mkewe alikuja na shati jeupe, amelipiga pasi. La kuvaa siku ya kurudi nyumbani. Nikamzuia mlangoni, tukaketi. Nikamwambia: mama, anajua. Alijua kabla yetu. Anataka kukuaga.

Hakulia. Alifungua kifungo cha shati, akakifunga, akakifungua tena.

"Nikimuaga, si ndiyo nimemwambia aende?"

Nina sala ya kila kitu. Ya homa, ya upasuaji, ya maiti. Kwa hili sina hata neno, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu naogopa. Naogopa kweli.

Muuguzi katokeza kichwa, anatuita kwa mkono. Nimesimama. Mama bado ameketi, shati mapajani, ananiuliza kama kola imenyooka —