Nani Kamaliza Mbegu za Ngome

Jumapili, 3 Machi

Vibushuti tisa wamekufa kwa njaa! Tisa! Si kwa panga la zimwi, si kwa kuangukiwa na jabali — njaa. Na ngome ya mchezo wetu wa kompyuta ni ile ile iliyolisha vibushuti sitini wakashiba hadi wakaanza kugombana kwa raha, mwaka wa nne. Mwaka wa nne alitawala nani? Mimi. Naandika nisije nikasahau, ingawa sisahau.

Tulikaa wote wanne chumba cha nyuma cha Fundi Saa, kompyuta inakoroma kama mgonjwa. Utaratibu wetu haujabadilika: ngome ni moja, kila mtu anaitawala mwaka mmoja wa mchezo, akimaliza anaandika kwenye daftari la zamu alichofanya, anamwachia anayefuata. Jumapili tunakutana kusutana. Kila mtu ana ufunguo wake wa kufuli la chumba hicho. Fundi Saa ndiye wa kwanza, kwa sababu kompyuta ni yake. Wa pili Dada Cherehani, anashona nguo mlango wa pili. Wa tatu Kimya, mchora mabango. Wa nne Jemadari, mkata vioo, yaani mimi. (Wao wananiita Mdomo. Wivu tu.) Tumezunguka mpaka mwaka wa saba, ukawa wa Kimya, na ndio huo wa maiti tisa.

Dada Cherehani anasema tangu mwaka wake wa sita ghala la mbegu za uyoga lilikuwa jeupe, hana cha kupanda, akawa anawapimia chakula kama dawa ya kikohozi. Fundi anasema hata mwaka wa tano zilikuwa chache, akadhani ni macho yake. Labda panya, anasema. Mchezo una panya.

"Panya gani anamaliza mbegu mia nne, mzee? Huyo si panya, huyo ni ndovu kavaa mkia wa panya."

Wakacheka wote. Kasoro mmoja.

Kimya alikuwa anaitazama kibodi. Huyu mtu kwa kawaida haongei. Anaishi kwa shangazi yake, na Fundi anasema kule hata salamu anapewa nusu. Lakini ukitaja ngome anafunguka kama bomba lililopasuka: handaki lipinde hapa, mtego ukae pale, daraja livutwe zimwi likiwa katikati. Mpaka umwombe apumue. Leo hakutoka hata tone.

Wahenga walimjua kabla hajazaliwa. Kimya kingi kina mshindo.

Jumatatu, 4 Machi

Nimepitia daftari la zamu kabla ya kwenda kazini. Mwaka wa saba, ukurasa wa Kimya. Kaandika: kanunua mbegu kwa wachuuzi, kapanda, kaziba handaki la mashariki. Halafu — mstari mzima umefutwa! Kwa makapeni nyeusi, ile nene ya kuchorea mabango. Sijui kulikuwa na nini chini yake. Ndiyo maana ya kufuta.

Sisi hatufuti. Dada Cherehani aliwahi kuandika "nimechoka na nyie wote" na hakufuta.

Sasa kuna jambo naliandika hapa, kwingine sitaliandika. Mchezo unaongea Kiingereza. Mimi Kiingereza nakijua, ila chenyewe hakinijui. Shule tuliachana mapema, tukiwa bado tunapendana. Kwa hiyo siku za zamu yangu Kimya anakuja, anakaa pembeni, kisanduku cha maneno kikitokea kwenye skrini ananisomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, mimi naamua. Wenzetu niliwaambia anakuja kujifunza mbinu za vita kwangu. Hajawahi kukanusha. Mbona hajawahi kukanusha? Weka alama hapo.

Na nani kaniambia kwamba anachosoma ndicho kilichoandikwa? Kabla ya kusoma anatulia kwanza. Mtu mkweli anatulia nini?

Alama nyingine: mwaka wa nne, siku ya mavuno, hakuja. Alituma ujumbe eti anampeleka shangazi hospitali. Nikacheza peke yangu, nikabonyeza kilichonipendeza — chakula kikapanda maradufu! Bila yeye, neema. Akiwepo yeye, maiti tisa. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaitoa.

Mjomba, mwenye karakana ya vioo ninayofanyia kazi, kanikuta nawaza, kioo cha kabati kimepasuka mkononi. Kasema akili yangu iko chini ya mlima na vijitu. Kweli iko huko.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya siasa leo. Nimekwenda kwa Dada Cherehani na daftari chini ya kwapa. Alikuwa na pini sita mdomoni, anapima bega la suti.

"Mdogo wangu, una ushahidi au una mdomo?"

Nikamfungulia ukurasa. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto. Dada huyu akiweka pini chini ujue mambo yamekolea.

Tukaenda kwa Fundi Saa, naye akauchungulia ule mstari kwa kile kioo chake cha jicho, kama vile ni saa ya waziri. Akasema mtu hafuti asichokiogopa. Nikamwambia maneno hayo nilitaka kuyasema mimi.

Tumekubaliana: Jumapili Kimya aeleze mstari ule ulisema nini. Asipoeleza, arudishe ufunguo. Dada kauliza kama hilo si kubwa mno kwa vijitu vya kwenye kompyuta. Fundi kajibu si vijitu, ni uaminifu. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima.

Nikarudi kazini napiga mluzi. Mluzi ukakatika njiani, sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemfuata Kimya kazini kwake. Alikuwa juu ya ngazi, anachora bango la duka la mikate, amefikia herufi ya tatu. Nikamuuliza kwa chini, ngazi nimeishika — ngazi ya mtu ukiishika anajibu vizuri.

Ulifuta nini?

"Kosa la mwandiko, ndugu yangu."

Kosa la mwandiko! Mtu anayechora herufi zimenyooka kuliko wenyewe waliozibuni! Hapo nikajua anadanganya, na anajua nimejua.

Na mbegu zimekwenda wapi?

"Nyingine nimepanda. Zitaota. Usiguse shamba la chini, lina maji mengi." Akaanza kuongea, bomba hilo: tujenge ghala la pili mbali na mlango, mazimwi wa mwaka wa nane watatoka kaskazini, tusianze na jeshi, tuanze na kisima. Rangi inadondoka kwenye kiatu changu na yeye anachimba visima hewani kwa brashi. Kidogo nisahau nilichofuata. Nikamwambia jeshi kwanza, siku zote jeshi kwanza. Akasema jeshi lenye njaa ni maiti zilizovaa chuma. Nimekasirika kwa sababu ni maneno mazuri.

Halafu akauliza — ona uso mkavu huo! — "Zamu inayofuata ni yako. Nije nikusomee?"

Nikamwambia: "Njoo na ufunguo."

Akanitazama kutoka juu. Akageuka, akaendelea na herufi ya nne. Herufi imenyooka kama rula. Angalau ingepinda kidogo, tukajua moja.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata ushahidi.

Naandika nimekaa kwenye kreti nyuma ya karakana, mjomba kaenda kupima dirisha la mtu.

Nilibeba daftari kazini kutafuta namna ya kuusoma ule mstari. Nikauweka ukurasa dirishani, jua nyuma: weusi mtupu. Nikajaribu kukwangua kwa wembe: karatasi ikaanza kulia. Halafu nikapitisha kidole upande wa nyuma. Kimya kalamu yake inachimba kama jembe, amezoea brashi na kuta. Wino wa makapeni umefunika mbele, lakini nyuma herufi zimesimama kama mishipa. Zimegeuka tu, kulia kwenda kushoto. Na mimi nafanya kazi wapi? Kwenye vioo! Fundi na kile kioo chake cha jicho hakuliwaza. Dada na pini zake hakuliwaza. Jemadari kaliwaza!

Nikausimamisha ukurasa mbele ya kioo cha kujitazamia cha meza ya mteja, mwanga wa pembeni, nikasoma neno moja moja.

"Jikoni: mpishi aliruhusiwa kupika mbegu. Mwaka wa nne, siku ya mavuno. Nimeifunga ruhusa."

Nikasoma tena. Kioo hakikubadilisha neno.

Mwaka wa nne.

Mjomba akapita nyuma yangu: "Unajitazama tena? Hicho cha mteja, usikichakaze kwa uso huo." Nikaushusha ukurasa. Kaniuliza kama naumwa.

Nakikumbuka kisanduku. Kilitokea wakati wa mavuno, Kiingereza mistari mitatu, vitufe viwili. Nikabonyeza cha kulia kwa sababu kilikuwa cha kijani. Jikoni hatuingiagi, jiko linajipikia lenyewe — ndivyo tunavyoambizana. Kumbe lilikuwa linapika na mbegu. Ule wingi wote niliojisifia wiki tatu, ule utukufu — nilikuwa nawalisha shamba la mwaka kesho.

Ngoja kwanza. Labda ni mtego. Labda kaandika uongo, akajua nitaufukua, nikiufukua nijione mjinga mbele ya wote. Lakini nani anatega mtego halafu anaufukia kwa makapeni? Na angejuaje nitatumia kioo? Hata mimi sikujua.

Basi kafuta kwa nini? Angeuacha tu pale, Jumapili ningesutwa mimi, yeye akabaki na ufunguo wake. Anataka nini kwangu? Hakuna mtu anayekufichia kitu bure. Na kama amejua kisanduku kile sikukisoma, basi amejua pia kwa nini. Tangu lini? Nani mwingine anajua?

Nimemtazama kila anayepita hapa leo kama anajua.

Jumapili, 10 Machi

Naandika chooni, uani kwa Fundi Saa. Daftari langu hili hukaa mfuko wa ovaroli, kalamu pia. Ukurasa wa Kimya nimeuchana nikaukunja, uko mfuko wa kushoto. Nimewaambia tumbo.

Kimya alifika kabla ya wote. Kavaa shati la kupigwa pasi. Nani anapiga pasi shati la kufukuziwa? Akaweka ufunguo mezani, karibu na kibodi, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Fundi akamuuliza kwa heshima mstari ulisema nini. Akasema kosa la mwandiko, mzee. Basi. Dada Cherehani akasema, "Kaka, sema chochote. Hata uongo mzuri." Akatikisa kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono kwenye mfuko wa kushoto. Mdomo wote huu niliopewa na Mungu, na leo umebana kama kufuli lenye kutu.

Kimya akasimama aondoke. Fundi akamzuia. Kasema hatufungi neno kabla ya kuona ngome itaponaje: Mdomo ndiye mshitaki, mwaka wa nane ni wake, basi autawale hapa hapa mbele ya wote, tumwone Jemadari. Dada akapiga makofi. Haijawahi kutokea, siku zote mtu anacheza peke yake! Nikasema si utaratibu. Fundi kasema leo ndio utaratibu.

Nikakaa. Wao wawili nyuma ya kiti changu, napumuliwa shingoni. Kimya kakaa kule mbali, kwenye kigoda cha karibu na mlango. Ngome ikafunguka. Uyoga umeota! Shamba la chini lote jeupe, nimeliacha bila kuligusa. Vibushuti wanakimbia na vikapu. Dada akashangilia, akasema "mbegu za nani hizo?" na Fundi akakohoa.

Halafu kisanduku.

Kirefu. Mistari mitano safari hii. Vitufe viwili. Cha kulia ni cha kijani.

"Kinasemaje?" Fundi kauliza. "Mimi miwani nimeiacha mbele, dukani."

Dada akasema na yeye anasubiri, Jemadari atusomee.

Ndipo tumbo.

Nimo humu sijui dakika ngapi sasa. Kuna tundu la msumari mlangoni, naona nusu ya dirisha: Dada anacheka, anaiga ninavyotembea. Ufunguo bado uko mezani. Nikirudi, nabonyeza cha kijani, nasema kimesema hivi na hivi, nani atajua? Njaa itajua. Au nautoa ukurasa, nawaambia tafuteni kioo. Au nasema tu, Kimya sogeza kiti. Maneno matatu. Mbele ya wote.

Fundi kaita mara mbili: Mdomo, mazimwi hawasubiri mtu aliye chooni!

Nyayo uani. Nilidhani Fundi. Si Fundi — mlango umegongwa kwa mgongo wa kidole, mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu rangi kama imekauka.

"Ndugu yangu." Kwa sauti ile ile ya chini ya pembeni ya kiti. "Nimepita nyuma ya kiti chako nikakisoma. Nikuambie kinasema nini, au unakuja uniite mbele yao?"

Nimeacha kupumua ili adhani simo. Hajaondoka. Naona ncha za viatu vyake chini ya mlango, kimoja kina rangi ya bango la mikate, na mimi changu kina rangi hiyo hiyo. Naweka kalamu, nafungua komeo.