Mas Wignyo, Uliyekuwa Ukiutoa Mpira Nje

Kaka yetu Wignyo, Mas Wignyo kama tunavyowaita kaka huku kwetu, leo mwaka umetimia tangu uanguke katikati ya uwanja wa Sumberjati na usiinuke tena.

Wiki tatu zilizopita mtu tusiyemjua alisimama mlangoni. Alikuwa amevua viatu tangu uani, na hakutaka kukaa.

"Mama, naitwa Parjono," alimwambia Mama. "Ndimi niliyefunga lile bao mwanao akiwa chini. Mlikuwa mnaongoza. Nilidhani anajilaza kupoteza muda."

Mama alimmiminia kikombe. Kisha akasema, "Kunywa chai, mwanangu. Hata sisi tulidhani hivyo."

Ni kweli, Mas. Kwetu timu ikiongoza wachezaji hujilaza, kila mtu anajua. Mtu nyuma yangu alipiga kelele, "Mleteeni mto!" na mimi, dada yako, nikacheka. Dakika tatu nzima watu walikimbia wakikupita.

Wewe ambaye hukuwahi kujilaza hata mara moja. Mpinzani akishika goti tu, ulishaupiga mpira nje. Wenzako wakakuita mkunga, kwa jinsi ulivyomkimbilia kila aliyelala chini. Ulikuwa ukiwajibu, "Niiteni tu. Siku ukiwa chini wewe, utamtafuta huyo mkunga."

Tunakukumbuka ukichemsha soya asubuhi kutengeneza tofu, jibini la soya la kuuza, huku ukiimba vibaya. Tofu zilizovunjika ulikuwa ukimpelekea Bibi Karsi wa jirani, eti haziuziki. Tulijua unazivunja makusudi.

Tangu ulipoondoka tunaishi kwa hofu. Jatmiko, mdogo wetu, akijinyoosha mkekani baada ya chakula cha mchana, Mama humwekea kiganja puani. Ndiye aliyerithi jezi yako. Akianza kukimbia, siwezi kumwondolea macho.

Siku ile Parjono alipoaga, Jatmiko alimwambia, "Mas Parjono, kuanzia sasa yeyote akianguka, mimi nautoa mpira nje. Wa kwetu, wa kwenu, hata kama anajilaza."

"Watu wenu watakula nyama yako kwa hasira."

"Waile tu, Mas. Nimeahidi."

Jumapili iliyopita ilikuwa fainali, uwanja uleule, bila kwa bila. Dakika za mwisho Jatmiko alibaki yeye na kipa. Nyuma yake beki wa wapinzani akaanguka kifudifudi, hatikisiki. Kucha za Mama zilinizama mkononi. Uwanja mzima ulikuwa unamfokea Jatmiko: "Funga! Anajilaza huyo!"

Jatmiko aliusukuma mpira nje, akarudi mbio kumgeuza yule beki.

Beki alifumbua jicho moja, akatabasamu. Hakuwa na chochote. Wenzake waliurusha mpira haraka, hawakuturudishia kama ilivyo desturi, wakafunga. Tukapoteza kombe. Kocha amemvua Jatmiko jezi yako, na dukani watu hawamwitikii salamu.

Mas, bado naamini iko siku mtu akianguka Sumberjati uwanja mzima utanyamaza. Naogopa sana kwamba haiko karibu. Lakini Jumapili ile, watu walipokuwa wakitutukana, Mama alikuwa ameketi nyasini, machozi yanamtoka, akirudia neno moja tu: "Anapumua. Yule mtoto wa watu anapumua."

Unakumbukwa na Mama yako Sarinem, mdogo wako Jatmiko, nami Endah. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.